Namba Yetu Imo Ndani ya Simu, na Wifi Amenuna

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada maana yamenifika hapa shingoni, na kabla hujauliza, hapana, sijui kuandika, anayeandika ni Encarna anayenitengeneza nywele kila Jumanne, nimemwambia aandike kama ninavyosema na asinipambe. Naitwa Obdulia, nina miaka themanini na moja, mjane wa Blas, naishi mji mdogo huku milima ya Teruel ambako baridi inaingia mwezi wa tisa na kutoka ikijisikia yenyewe, na shida yangu ni bahati nasibu, lakini siyo kama unavyofikiri, subiri kwanza.

Mimi na wifi yangu Casilda, dada yake marehemu Blas, tunacheza kila Alhamisi, huu mwaka wa thelathini na moja. Namba moja tu, arobaini elfu mia saba ishirini na sita, namba mbaya, huku kila mtu anataka inayoishia na tano, hii ilikuwa imeachwa dukani kwa Hilario kama kiatu cha mguu mmoja, Casilda akasema tuichukue jamani, inatia huruma, nikamwambia kwa huruma hiyohiyo ndiyo uliolewa na Fermín. Basi tukaichukua. Kopo la biskuti liko juu ya friji yangu, Jumatatu yeye anatia sarafu yake na mimi yangu, kopo likiwa tupu wiki hiyo hatuchezi, hatukopi, hatuongezi, tukishinda vijisenti vinaishia baa ya mkabala na duka, kwenye chokoleti ya moto na churro, yale maandazi marefu, na mara moja tulishinda vya kutosha kununua mapazia, Casilda akachagua ya njano, ukiingia kwake unajiona umo ndani ya yai.

Ile droo kubwa ya Krismasi nayo tunachukua tiketi moja, nusu yake nusu yangu. Tiketi anakaa nayo yeye, mimi napewa fotokopi, na kwa sababu sijui kuandika ni yeye anayeandika juu kwamba nusu ya hii ni ya Obdulia, mimi natia msalaba wangu, kwisha. Sijawahi kumwuliza mtu kama kweli kaandika hivyo. Anaweza kuwa ameandika Obdulia ni punda miaka yote hii, mimi natia msalaba tu.

Na nikwambie ukweli wa Mungu, mimi sichezi ili nitajirike, nitajirike niende wapi? Nacheza ili namba isije ikatoka nikiwa nimeiacha, Casilda akashinda peke yake, akaanza kupita na koti jipya mbele ya dirisha langu kila asubuhi, maana atapita, namjua, dirisha lake na langu yanatazamana.

Sasa binti yangu Merche, yuko Zaragoza ofisini, akaenda kwenye mkutano mmoja wa watu walioharibiwa na kamari, akarudi na uso wa msibani. “Mama, kila wiki miaka thelathini, hiyo ni dalili.” Nikamwambia na misani naenda kila wiki miaka themanini, hiyo nayo dalili ya nini? Akanyamaza, lakini Merche akinyamaza ujue anapika kitu, ametoka kwa baba yake, Blas alinyamaza siku tatu halafu akanunua nyumbu. Siku moja akanikuta nimekaa katikati ya ngazi za mlimani za kupanda dukani kwa Hilario, akaniuliza unafanya nini hapa, nikamwambia natazama mbayuwayu, akasema mama, mbayuwayu wameshaondoka. Ni kweli walikuwa wameondoka. Tangu Pasaka natoka nyumbani nusu saa kabla, namwambia Casilda napitia duka la dawa, tukutane hukohuko juu, maana yeye ana themanini na nne na anapanda kama mbuzi, na akipanda anaongea. Nilijikwaa Ijumaa Kuu kwenye maandamano ya kanisa, goti likavimba, likanywea, si kitu, tuendelee.

Jumapili Merche akaja na simu. Eti mama, kama lazima ucheze, cheza kwa mpango, nimeiweka namba yenu humu, kila wiki inajicheza yenyewe, haiwezi kupita kiasi, na huna haja ya kutoka nje kwenye baridi. Inajicheza yenyewe! Mshauri, wewe umewahi kuona karata zinazojicheza zenyewe? Mwenyewe unafanya nini, unazitazama?

Alhamisi ikafika, sikutoka. Saa tano na kitu mlango unagongwa, Casilda, pua nyekundu.

“Uko wapi wewe? Nimesimama saa nzima mlangoni kwa Hilario kama sanamu ya mtakatifu!”

Nikamwambia ingia, hakuna haja ya kwenda tena, simu imeshacheza.

“Imecheza na nani?”

“Imecheza yenyewe.”

“Na nusu yangu iko wapi?”

“Imo humohumo, ndani ya simu.”

Akaitazama simu, akanitazama mimi. “Haya,” akasema, “basi ukishinda, simu ikupeleke ukanywe chokoleti.” Akashuka ngazi bila kushika ukuta.

Wiki ya tano hii hajakanyaga kwangu. Kanisani amehamia upande wa wanaume. Kwenye gari la samaki nilikuwa nachagua sadini, akasema kwa sauti watu wote wasikie, “Mwacheni aiulize simu yake kama ni wabichi,” wakacheka, hata muuza samaki akacheka, mtu ambaye mimi nilimbeba mgongoni akiwa mtoto.

Na sasa linalonikosesha raha ni hili. Hilario ameniletea salamu kwamba tiketi ya Krismasi ya namba yetu anatuwekea mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote, hiyo ni wiki ijayo, na hakuna aliyekwenda kuichukua, mimi sijaenda na Casilda hajaenda, na chama cha wawindaji wameiulizia. Wawindaji, mshauri! Itoke wawindaji waipate, mimi na Casilda tukae kila mtu dirishani kwake tukiwasikia wanapiga bunduki hewani! Merche anasema usijali mama, nitakutafutia nyingine kwenye simu. Sitaki nyingine. Mimi nimtangulie Casilda kuomba msamaha kwa kosa gani, simu ni ya Merche, matusi ni ya Casilda, mimi nimekaa tu nyumbani kwangu. Encarna anasema ukurasa umekwisha. Niambie la kufanya, na uniambie haraka.

Obdulia, wa Teruel

JIBU

Mama Obdulia, kwanza mpe pole Encarna, mkono utakuwa umemwuma.

Ugonjwa wa kamari huna. Kopo likiisha unaacha, hukopi, huongezi, kila mtu anajua siku na saa unayokwenda. Mgonjwa wa kamari hukimbiza alichopoteza. Wewe unamkimbiza wifi yako, na huo si ugonjwa, la sivyo nusu ya nchi hii ingekuwa wodini. Mwambie Merche maneno hayo kwa upole, alikosea kwa mapenzi.

Lakini kuficha unaficha, na usinifanye mimi mtoto. Duka la dawa kila Alhamisi tangu Pasaka, na dawa hata moja hukuitaja. Mbayuwayu waliokwisha kwenda zao. Goti ulilolitaja mara moja ukakimbia. Na hiyo simu unayoitukana, mbona hukuizima? Ungeweza kumwambia binti yako palepale achukue simu yake. Ulinyamaza kwa sababu ilikuja wakati mzuri: ngazi zilikuwa zimekushinda na ulimi ukakataa kusema. Sasa unamlaumu Merche, unamlaumu Casilda, kesho utamlaumu Hilario kwa kufungua duka mlimani.

Na huyo Casilda. Mwanamke wa miaka themanini na nne amesimama saa nzima kwenye upepo wa Teruel. Duka lilikuwa wazi mgongoni mwake, Mama Obdulia. Aliyetaka kushinda peke yake angeingia, akanunua, akaenda zake. Yeye alikungoja. Halafu akaja kukuta nafasi yake imechukuliwa na kitu kinachokaa mfukoni. Mimi ningesema makubwa kuliko ya sadini. Na tiketi ya Krismasi angekuwa ameshapanda kuichukua, anapanda kama mbuzi, umesema mwenyewe. Hajaichukua. Fikiri kidogo anamngoja nani.

Leo hii mpigie Merche aondoe mchezo kwenye simu. Simu baki nayo, utampigia daktari habari za goti, na uende kweli, usimwambie kwamba si kitu.

Kesho asubuhi fungua dirisha, lilelile unaloogopea koti jipya, umwite wifi yako. Usimtume Encarna. Usianze na habari za gari la samaki. Yako maneno saba tu, uyajue kwa moyo: “Casilda, goti langu halipandi tena, nishike mkono.” Atacheka. Atakucheka mpaka Krismasi, atawasimulia na wawindaji. Vumilia, umemsimamisha saa nzima kwenye baridi.

Kisha mpande wote wawili kabla ya Watakatifu Wote, mkae kwenye zile ngazi mara tatu mkitaka, mtazame mbayuwayu wasiokuwepo. Siku goti likikataa kabisa, apande yeye, wewe mngoje baa na chokoleti, lakini fotokopi aiandike kwa mkono wake na msalaba utie kwa mkono wako. Hilo hakuna simu inayoliweza. Na usimwulize mtu ameandika nini.

Mimi nina robo ya tiketi ya Krismasi ya muuza samaki wa mtaani kwangu, isije ikatoka nikiwa nimeachwa, na samaki hata harufu yake siiwezi, kwa hiyo nakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini wawindaji hawangoji. Vaa koti, mama. Dirisha.