Bango Juu ya Mwani

Kabiria, Jumatatu

Dada Peres,

Hatujambo, ila kikohozi cha mtoto Valarie bado kinasumbua. Shuka zimefika, asante.

Lile tangi la kioo ninaloosha mjini, lenye mwani mdogo wa kusafisha moshi wa magari, meneja alilifunika kwa bango la picha yake akingoja wageni. Wiki nzima! Nikamwambia, "Bosi, mwani bila jua unakufa." Akanijibu, "Kazi yako ni kuosha kioo tu."

Ijumaa maji yalikuwa yamegeuka kahawia. Nililirarua bango mbele ya wageni wake. Wakapiga makofi, wakidhani ndio uzinduzi.

Amenifuta kazi. Usimwambie Mama, tafadhali. Leo nimepita pale nikitafuta kibarua kingine. Maji yameanza kurudi kijani, na mimi bado nina hasira.

Mdogo wako,
Maurine