Mpunga Uliofichwa na Shikamoo

Jumamosi, Juni. Jua kali, vumbi la barabarani limenikaa kooni, na nina hasira ambayo hata chai ya jioni imeshindwa kuishusha.

Mwaka huu ndio wa kwanza Bibi hakwenda shambani Lumemo. Magoti yamekataa. Amelima shamba lile tangu alipoolewa akitokea Mahenge, na msimu ulipoanza aliniomba kitu kimoja: auone mpunga wake, tangu unapandwa mpaka unakatwa. Nikamwahidi. Mimi ni fundi simu pale Mlabani, vifaa havinipigi chenga. Nikachukua kompyuta ndogo, ile ya ubao mmoja isiyozidi pakiti ya majani ya chai, nikaiunga na kamera na betri ya sola, nikaifungia ndani ya kopo la plastiki na kulikaza kwenye nguzo kando ya njia. Kila robo saa taa nyekundu inawaka, picha moja. Mwisho wa msimu unaziunganisha, miezi yote inapita kwa dakika mbili, mpunga unakua huku unautazama.

Wiki za mwanzo nilizikagua picha. Safi kabisa. Nikajiamini, nikaacha kwenda.

Kilichoniponza ni mdomo. Mama Anna, jirani yetu wa shamba anayeshinda pale akiamia ndege wasimalize mpunga, aliniuliza kile kidude ni cha nini. Nikaogopa atakichezea. Nikamwambia asikiguse, Bibi anatazama shamba kupitia pale.

Basi.

Jana tumemaliza kuvuna, leo asubuhi nimeng'oa kamera. Mpaka mpunga unapofika magotini, mambo ni mazuri. Baada ya hapo ni watu. Nani atapita mbele ya mzee asimwamkie? Mama Anna alishawatangazia wote: simama mbele ya kopo mpaka taa nyekundu iwake, ndipo Bibi anakuwa amekuona. Na wamesimama! Wenye majembe, wenye ndoo kichwani, katekista kavua kofia, mabinti wamepiga goti. Mpunga unachanua nyuma ya tumbo la mtu. Unaiva nyuma ya kilemba cha Mama Anna mwenyewe, ambaye ameamkia kila siku ya Mungu.

Nilitaka kulia. Mpunga umeshakatwa, siwezi kuusimamisha upya. Na Bibi sijui kama atakuwa na msimu mwingine.

Mchana nikaingia chumbani kwake, nikafungua laptop yangu, nikaiacha video iende. Dakika mbili zikaisha. Bibi akanikazia macho.

"Mbona unawakimbiza? Sijamwitikia hata mmoja."

Nikamweleza kwamba video za namna hii ni lazima ziende haraka, ndiyo maana yake. Akasema maana hiyo nibaki nayo mwenyewe. Nikarudi mwanzo, nikawa nasimamisha picha moja moja. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Huyu mbona kakonda, anaumwa? Marahaba. Msimu mzima nimeukusanya ili niukimbize, halafu nimekaa ukingoni mwa kitanda nausubirisha mtu mmoja mmoja. Habari za mpunga hata hakuuliza. Nilipomwonyesha ulivyochanua pembeni ya kiwiko cha mtu, akasema ameuona, umekubali, tuendelee.

Jioni tukafika picha ya mwisho. Ni mimi, leo asubuhi, nimeinama kulifungua kopo, nimekunja uso kama niliyelamba shubiri. Bibi akasubiri. Nikamwambia hakuna nyingine.

"Na huyu mbona hajaamkia?"

Nikataka kujitetea, nikakumbuka kwamba hata chumbani nimeingia na hasira zangu bila salamu.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitika. Alinyoosha kidole kwenye kioo, akasema wenzangu walisimama juani mpaka taa ikawaka.

Kesho nikitoka misani naenda Lumemo na kopo langu. Nitalikaza kwenye nguzo, nisimame kwenye mabua, nisubiri.