Alama Kwenye Nyumba

Jumatatu, 6 Oktoba
Kisomo kama kawaida, wanawake kumi na wawili ofisi ya kijiji. Tulikuwa kwenye "ba be bi" gari la kampeni likapita kuelekea Kabuku. Wote wakatoka mbio kumwona Zuhura. Wifi yangu. Anagombea ubunge. Herufi zote anazozijua nimemfundisha mimi. Kalamu alikuwa anaishika kama mwiko. Leo anapungiwa mikono. Nina wivu, sina haja ya kuupamba.

Ijumaa, 10 Oktoba
Alama za wagombea zimetoka. Mpinzani wake jembe, Zuhura nyumba. Nikafurahi: mkulima gani ataacha jembe? Kumbe mapema mno. Mkutanoni hata wanaume walimsikiliza kimya. Hotuba ya maji niliiandika mimi. Hakunitaja. Na mume wangu kutwa "dada yangu, dada yangu". Nimechoka.

Jumatano, 22 Oktoba
Leo nimewafundisha kupiga kura. Nikachora ubaoni jembe na nyumba. Unayemtaka, weka alama kwenye picha yake. Mama mkwe, mama mzazi wa Zuhura, akaweka kwenye jembe. Nikamwuliza kama hamtaki mwanawe.

"Namtaka, ndiyo maana! Mwaka jana nyumba yangu waliitia alama ya chokaa, kesho yake wakaibomoa, tukaletwa huku. Leo nami nimtie alama mwanangu?"

Vikongwe wote wakaunga mkono. Watamnusuru Zuhura kwa kumnyima kura. Neno moja tu lingetosha. Nikafuta ubao.

Jumapili, 26 Oktoba
Kura. Foleni ndefu, jua kali. Nilikuwa nyuma ya mama mkwe tangu asubuhi. Nafasi ya kumweleza ilikuwepo. Nikamsifia kanga yake.

Mwenyewe nimepigia nyumba. Sijui nilikuwa namdanganya nani.

Jumanne, 28 Oktoba
Zuhura ameshindwa. Ameachwa kwa kura chache tu. Nilingoja nifurahi. Wapi.

Mama mkwe anajitapa kijiji kizima kwamba kamwokoa mwanawe. Watu wanacheka, wanadhani ni uzee.

Alhamisi, 6 Novemba
Zuhura amekula kwetu mchana. Mama yake akamsimulia yote, na darasa lile. Zuhura akanigeukia.

"Wifi, aliyasema haya mbele yako?"

Nikasema ndiyo.

Akamweleza mama yake maana ya alama ya kura. Mama mkwe alipoelewa akaanza kulia. Zuhura akamshika mkono: "Kosa langu, mama. Sikukueleza." Akamaliza ugali wake, akanawa, akaaga vizuri.

Afadhali angenitukana. Nimeosha vyombo, nikakaa.