Mwisho Anaoutaka Shangazi

Jumamosi, 4 Machi

Kopi ya tatu ya ile filamu imefika. Aliyeituma aliapa ndiyo ile ndefu, isiyokatwakatwa. Nimefunga saluni mapema, nikaipeleka kwa shangazi mbio mbio. Akasogeza kiti mpaka karibu abusu televisheni — jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto linasuasua.

Ndefu kweli! Farasi wengi, mvua nyingi, vipande ambavyo sijawahi kuviona maishani. Lakini mwisho ni uleule. Mume anapigwa risasi kituo cha treni, mke anabaki peke yake.

"Siyo hii," shangazi akasema. "Kwenye yangu anaanguka, halafu anarudi nyumbani."

Kopi ya kwanza, ile fupi, anakufa. Ya pili, yenye sauti za kubandika, anakufa. Na hii pia. Sikati tamaa ng'o.

Jumanne, 7 Machi

Kundi letu la filamu za zamani wamenicheka mtandaoni mpaka basi. Yule anayejiita Profesa kaandika kwamba toleo ambalo mume anarudi halijawahi kuwepo, shangazi yangu anachanganya mambo. Nimemjibu kwamba shangazi yangu anakumbuka mpaka rangi ya viti.

Jioni kaka akapiga simu. Kwanza alinisema: mtu mzima nakimbizana na picha. Kisha akashusha sauti. Daktari amepanga, jicho la kushoto linapasuliwa Jumatatu ya tarehe ishirini. Huenda likapona. Huenda likazima kabisa.

Kwa hiyo ni kabla ya hapo. Shangazi aliiona filamu hiyo na marehemu mumewe, wakiwa bado wachumba. Nimemwahidi ataiona tena kwa macho yake, na nitaipata.

Jumapili, 12 Machi

Kapa. Kila mwenye mvi anayekaa kwenye kiti changu namuuliza. Mmoja ameniambia alikuja kunyolewa, si kuhojiwa.

Jumatano, 15 Machi

Nimempata! Mzee mmoja mpole, alikuja kunyoa ndevu. Nikamuuliza kama kawaida yangu, wembe uko shingoni. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akiendesha projekta kwenye sinema ileile aliyokwenda shangazi, siku hizi ni duka la magodoro. Karibu nimkate! Nikamwomba asiongee mpaka nimalize koo. Wapi.

Kumbe kopi ilikuwa moja, sinema mbili. Wenzao wa sinema ya pili wakimaliza mkanda mmoja wa filamu, mtu anaupakia kwenye baiskeli, anauleta huku mbio, anarudi kuchukua unaofuata. Siku ya kwanza baiskeli ikapata pancha, mkanda wa tatu ukakwama njiani. Mwingine akawahisha iliyobaki kwa gari. Ukumbi umejaa, watu wanapiga miluzi. Mzee akauruka wa tatu, akaonyesha mpaka mwisho, mume akafa. Ndipo wa tatu ukafika. Watu wamelipia filamu nzima, akauweka. Humo mume anarudi kutoka safari yake ya kwanza, anafungua mlango, mke anamrukia. Taa zikawaka. Watu wakasimama wakapiga makofi — kumbe hakufa! Meneja akaamuru ionyeshwe hivyohivyo wiki nzima.

"Hiyo unayoitafuta haikutengenezwa na mtu," mzee akasema. "Ni pancha."

Nimecheka mpaka machozi. Alipoondoka nikaona uchungu, miaka yangu yote hiyo natafuta kisichokuwepo. Nimefagia nywele zilezile mara mbili. Halafu nikashtuka. Vipande vyote ninavyo!

Jumamosi, 18 Machi

Jirani yangu mpiga video za harusi amenipa kompyuta yake. Nimeitoa sehemu ya mlango, nikaipeleka mwisho kabisa. Mara ya kwanza muziki ulikatika vibaya. Nimerudia, na nimerudia, mpaka ikakaa.

Kaka anasema nimwambie shangazi ukweli. Simwambii. Akikosa jicho, abaki na mlango wake.

Jumapili, 19 Machi

Naandika nikiwa nyuma ya kiti cha shangazi. Kaka amekuja kumchukua, hospitali wanataka alazwe leo. Yuko nje, gari linanguruma.

Tumeiona. Mume alipoanguka kituoni, shangazi hakushtuka hata kidogo. Mlango ulipofunguka akaweka mkono mdomoni. Nikajua ndiyo yenyewe. Nimelia, nakiri.

Kisha akaisogelea televisheni zaidi.

"Kituoni alikuwa na ndevu," akasema. "Hapa hana hata moja."

Mimi, kinyozi, sikuliona hilo! Nikaanza kutunga uongo wa haraka.

"Marehemu naye aliliona, akaniambia tukiwa tunatoka sinema," akasema. "Kwamba mikanda imepishana, yule mtu ameshakufa. Nikamwambia anyamaze. Na wewe nyamaza. Rudisha."

Nimerudisha mara ya pili, na ya tatu. Amefunika jicho bovu kwa kiganja, analitumia lililobaki. Honi inalia nje, hageuki.

"Tena, mwanangu."

Honi. Nimechungulia dirishani, nikamwonyesha kaka kwa mkono asubiri. Narudisha.