Salamu za Baba kutoka Ibra

Calabar, 28 Januari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Baba je? Mimi mzima, ila upweke wa Nigeria sijauzoea. Nakuandikia kwa kuwa simuni husikii, na baba na simu ni paka na panya.

Msomee haya. Hawa Waefik, wenyeji wa hapa, ninaosoma historia yao, wangempendeza. Zamani walitajirika kwa mafuta ya mawese. Meli ya Kizungu ikitia nanga mtoni, haipati hata pipa mpaka nahodha amlipe mfalme ushuru. Na mfalme, wanamwita Obong, hajitawazi. Wakuu wa koo hukaa wakamchagua. Muulize, hapo Ibra nani angemchagua yeye?

Mwanao,
Wasan

Ibra, Oman, 16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Nisamehe kuchelewa.

Baba yako anasema ushuru wako ni kumaliza masomo, usije kabla. Baridi imenishika magoti. Kula vizuri, usinirudie mifupa mitupu.

Mamako

Calabar, 2 Machi

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Hali zenu? Nimefuturu peke yangu, nikalia kidogo.

Mzee mmoja wa Kiefik kanambia, zamani Obong akifa haitangazwi. Wakuu hufunga midomo, na nyumba huendelea kana kwamba yumo ndani, mpaka mambo yatengemae. Nikamuuliza, na mwanawe aliye safarini? Baba anaonaje? Nataka maneno yake, si yako!

Mwanao,
Wasan

Ibra, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. U mzima? Baba yako kalala, nitamuuliza.

Rahaf wa mlango wa pili kaolewa. Ngoma nimeisikiliza dirishani, magoti haya! Hina hata ya Idi sikupaka. Nimpakie nani?

Mamako

Calabar, 1 Mei

Mama,

Shikamoo. Wewe uliyekwenda harusini Nizwa na mguu umefungwa bendeji, ukaimba mpaka sauti ikakauka, leo harusi ya jirani unaisikiliza dirishani? Hutoki. Hina hupaki.

Mama, umo edani?

Wasan

Ibra, 15 Mei

Wasan mwanangu,

Ndiyo. Barua yako ya Januari ilikuta tumeshamzika baba yako. Moyo tu, baada ya sala ya alfajiri.

Alikuwa ameniusia zamani: likimfika la kumfika, usiambiwe mpaka umalize, maana ukija hutorudi tena chuoni. Basi jamaa wote nikawaapisha. Wakanyamaza kweli, hata mbele yangu mimi. Wanakuja, wanakunywa kahawa, wanazungumza bei ya mbuzi wa soko la Sinaw, wanaondoka. Sijapata mtu wa kulia naye. Barua zako nilikuwa nazisoma kwa sauti chumbani, kisha majibu nikayatunga mwenyewe, namna ambavyo angesema. Ile ya kifo cha Obong ndiyo iliyonishinda. Angesema nini, sikujua.

Nasikia atakavyo yeye: kaa, usome, umalize. Wasia nimeutimiza mpaka hapa.

Mimi nasema njoo.

Mamako