Ndege ya Babu Yako Pale Pongwe

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Mama yako Zuhura hajambo. Mimi miguu imegoma, ulimi bado mzima.

Unauliza kama kweli babu yako alirusha ndege ya rimoti. Aliinunua mbovu kwa jirani mwenye duka, akaitengeneza miezi mizima. Siku ya kuirusha, Pongwe, ilizunguka shamba la mkonge mara tatu, mafuta yakaisha, ikatua taratibu majanini.

"Mama Zuhura, umeiona mikono hii?" akaniuliza.

"Nimeiona, rubani wangu!"

Betri zilikuwa adimu miaka ile. Asubuhi ya siku hiyo nilichomoa za rimoti nisikilize taarabu redioni, nikamwekea zilizokwisha. Ndege ilijiendea yenyewe. Alijisifu mpaka anakufa, nami sikumwambia.

Sasa namfuata. Sijui nikimkuta niungame, au nimwache aendelee kurusha.

Bibi yako