Mama Kucha, Mwaka Umepita na Simu Yako Bado Inaita

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache, ulipoanguka kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, beseni mkononi na taulo begani, ukienda kumwosha miguu mzee asiyeweza kushuka. Daktari alikuwa amekukataza ngazi. Ulimwitikia vizuri, "Nimesikia, mwanangu," kisha ukaendelea na ngazi zako.

Mtaa mzima ulikuita Mama Kucha, nawe ukaliitikia jina hilo bila kinyongo. Ulipostaafu kazi ya kupokea simu hospitalini hukukaa hata wiki. Ulikusanya wenzako sita, mkapewa chumba nyuma ya maktaba, mkaanza kuwatembelea wasiotoka ndani: kuwaogesha, kuwachukulia dawa, kuwakata kucha. Ulikuwa na mdomo, Mama, lakini mikono yako ilikuwa laini. Hata Baba, fundi saa anayeshika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, ulimkata kucha wewe, maana alidai kucha za miguu zinamshinda. Tulijua anadeka. Nawe ulijua.

Kisha wakaja watu wa mipango wa halmashauri. Wakawaita kwenye kikao cha wadau, wakawagawia fomu. Afisa mipango akakuuliza mbele ya watu, "Mama, matokeo ya kazi yenu tunayapimaje? Kabla na baada?"

Ukamjibu, "Kabla, kucha ndefu. Baada, kucha fupi."

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka, wala hakuandika kitu. Haukupita muda chumba kikachukuliwa, mkaambiwa msubiri mpango mpya. Wenzako wakapungua mmoja mmoja. Hatuwalaumu, nao wana magoti. Ukabaki na beseni lako na wenzako wawili.

Mpango wenyewe ulitoka tumeshakuzika. Kitabu kinene, jalada linang'aa, cha miaka mitano. Ukurasa wa thelathini na nane umeandikwa: "Huduma kwa wazee majumbani: ipo." Chini yake, namba yako ya simu.

Basi simu ikaanza kuita. Hospitali ikiwaruhusu wagonjwa, inawapa namba yako. Ustawi wa jamii nao wanawapa namba yako. Simu ya kwanza aliipokea Baba.

"Mwenye simu amefariki," akasema.

"Pole sana, baba. Sasa atakuja nani?"

Baba akachukua kalamu. Kisha akauliza nyumba iko wapi. Alikwenda, Mama, na mkasi wako na miwani yake ya kazi. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii," akalia. Mpaka katikati ya mwaka alikuwa na nyumba kumi na moja. Sisi wanao tulimsaidia tulivyoweza, yaani kidogo. Tuna kazi, tuna watoto, na hakuna kati yetu aliye wewe.

Kifungua mimba wako, mwalimu, alikwenda ofisini na cheti chako cha kifo. Afisa yule yule akampa kiti, akampa na pole.

"Lakini kitabu kimeshapitishwa, dada. Marekebisho ni mwisho wa kipindi."

"Kwa hiyo mama yangu yuko kazini miaka mitano?"

"Kwa mujibu wa mpango, huduma ipo. Au ninyi familia jisajilini, mwendelee. Fomu si zipo?"

Dada yetu hajawahi kumtukana mtu mzima. Siku hiyo alitoka mbio ili asianze.

Miezi miwili iliyopita goti la Baba lilivimba, akalala. Siku hizo hizo akapiga simu mama mmoja, mshonaji mstaafu, mgonjwa wa kisukari, anaishi peke yake. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulikuwa umeingia kwenye nyama. Mara ya kwanza tulimwambia kesho. Mara ya pili tukamwambia Jumamosi. Mara ya tatu hatukupokea, kila mmoja akidhani mwenzake atapokea. Majirani walipovunja mlango, mguu ulikuwa umeshaharibika. Umekatwa chini ya goti.

Baba alikwenda kumwona wodini, anajikongoja. Yule mama hakumlaumu. Alimwambia tu, "Niliambiwa mtakuja."

Tumekaa mezani kwako, Mama, tumeamua: simu yako inafungwa leo. Anayesoma tangazo hili, mwenye mzee ndani, ajue kwamba hiyo huduma ya ukurasa wa thelathini na nane haipo. Ilikuwepo. Ilikuwa ni wewe na wanawake sita na chumba kimoja, na waliokichukua chumba ndio walioandika "ipo." Wao wana simu mezani. Wapigiwe wao.

Tunajua ungetugombeza. Ungeuliza, "Na yule anayepiga mnamwachia nani?" Baba hakutupinga. Alisema tu kwamba nyumba zile kumi na moja hazihitaji simu, njia anaijua, akainuka kutafuta viatu.

Wanaokukumbuka ni mumeo, wanao watatu (mwalimu, fundi umeme na kitinda mimba wako), wakwe zako, wajukuu zako watano, mdogo wako wa kike, na wale wenzako wawili waliobaki nawe mpaka mwisho.

Hutatutoka moyoni, Mama, maisha yetu yote.